Pembetatu Mlangoni kwa Kagan

Mtu alichora pembetatu nyekundu kwenye mlango wa duka la mikate la Basil Kagan, Sea Point, ncha ikitazama chini, na kabla jua la Jumapili halijapanda vizuri Cape Town nzima ilikuwa inajua maana yake. Shida ni kwamba kila upande ulijua maana ya kwake.

Wateja wa Kagan walisema ni alama ya kuuawa. Walikuwa wameiona kwenye video za vita vya Gaza: pembetatu nyekundu inashuka juu ya kichwa cha askari wa Israeli, halafu moshi. Kuichora kwenye mlango wa Myahudi ni kumwambia zamu yake inakuja. Vijana wa Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu, walisema ni kipande cha bendera ya Palestina, na anayeogopa bendera ana jambo lake. Profesa mmoja redioni akaanza kusema kwamba alama hiyo ina umri mkubwa kuliko vita hivyo, mtangazaji akamkata, matangazo ya sabuni yakaingia.

Saa nne asubuhi polisi walimkamata Tauhier Salie, mchora kuta wa Bo-Kaap. Usiku mtu akavurumisha jiwe kwenye dirisha la Kagan. Jumatatu asubuhi faili likatua mezani kwa Sajini Denzil Februarie, mtu wa miaka hamsini, mwenye tumbo la mtu anayekula amesimama.

"Karandinga linaondoka saa saba kwenda mahakamani," Kapteni Gqirana alimwambia. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. "Mwendesha mashtaka anataka vitisho na chuki dhidi ya Wayahudi. Salie akishasomewa hayo, dhamana itasubiri wiki nzima, na wiki hiyo atalala gerezani pamoja na magenge."

"Ushahidi?"

"Rangi ni yake. Na ana ukuta mzima Bo-Kaap umejaa pembetatu hizo hizo."

"Kuna aliyemwona akichora?"

"Ndiyo maana nimekupa wewe faili, Februarie. Ningekuwa na aliyemwona ningempa mtoto wa jana."

*

Tauhier Salie alikuwa amesimama, amezishika nondo za mahabusu kwa mikono miwili. Mtu mrefu, vidole virefu, rangi imekauka kwenye kucha: buluu, kijani, nyekundu.

"Umekula?" Februarie aliuliza.

"Mnapika nini humu, kaka, mpaka niseme nimekula? Jana Jumapili. Mama hukaanga koesister, yale maandazi ya sukari, Jumapili tu, na mmenikosesha."

"Nijibu vizuri utazila Jumapili ijayo. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachora samaki kwenye ukuta wa mgahawa, karibu na kwa Kagan. Mtaa mzima uliniona. Giza lilipoanza kuingia nikafunga vikopo, nikaviweka chini ya jukwaa, nikafunika turubai, nikaenda zangu."

"Ukaacha rangi nje?"

"Nani anaiba rangi? Hapa watu wanaiba simu. Lakini sikiliza. Askari wako alipofunua turubai jana, kikopo chekundu kilikuwa wazi, na brashi imekauka kama kijiti. Mimi niache brashi hivyo? Bora niache mtoto barabarani. Na kikopo cha njano hakipo."

"Cha njano?"

"Kidogo, cha kumalizia macho ya samaki. Nikamwambia askari wako, akacheka. Akasema, 'Mlango wa Kagan una njano gani?'"

Februarie hakucheka. "Tuzungumze ukuta wako wa Bo-Kaap. Mtoto anarusha kishada, na pembetatu nyekundu zinamwagika juu yake kama mvua."

"Bendera hiyo."

"Pembetatu ya bendera imelala ubavu. Za kwako zinatazama chini."

Vidole vya Tauhier vilipanda na kushuka kwenye nondo.

"Uliziona wapi?"

"Kwenye simu. Kama watu wote."

"Zile za askari kulipuliwa."

"Zile. Zinapendeza kwenye ukuta. Kali, zinavuta jicho. Sikufikiria zaidi."

"Kagan ana ndugu waliochomwa Ulaya. Anafika asubuhi anaikuta mlangoni. Ni mwendawazimu kuogopa?"

"Sikusema ni mwendawazimu! Mkate wake naula tangu sijaota meno ya mbele. Nimesema si mimi." Alikaza mikono kwenye nondo. "Kaka, Jumatano naanza ukuta wa shule, Salt River. Ukuta mrefu kuliko yote niliyowahi kupewa. Nikisomewa hayo maneno mahakamani, nani atanipa ukuta wa watoto tena? Hata mkija kusema mlikosea."

"Saa saba," Februarie alisema, akaondoka.

*

Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unavuta kofia za watu Sea Point. Mbele ya duka la Kagan kulikuwa na kundi upande huu wa barabara na kundi upande ule, na polisi wawili katikati wanaotamani kuwa mahali pengine.

"Wamejichora wenyewe!" kijana mmoja alipiga kelele ng'ambo.

"Nenda kwa mama yako akakufundishe adabu!" bibi mmoja akajibu upande huu, amekumbatia mkoba wake.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao. Mlango wa buluu ulikuwa pale pale, na pembetatu yake usawa wa kiuno, pana kama sinia. Basil Kagan alitoka, mrefu, miaka sabini, unga mpaka kwenye nyusi.

"Wewe ndiye wa upelelezi? Ingia, kula kitu. Usiniambie umekula, nakuona tumbo, najua halijatosheka."

"Kwanza jiwe, Bwana Kagan."

Kagan alilitoa chini ya kaunta ndani ya mfuko. Lilikuwa limefungwa kwa karatasi, na karatasi imeandikwa kwa kalamu nene: Mayahudi, tokeni.

"Jana usiku," Kagan alisema. "Niliishi miaka yote katika mji huu bila kutazama nyuma. Sasa natazama. Mke wangu angekuwa hai angesema, Basil, funga, twende kwa dada yako Australia. Na usiniambie hiyo alama ni bendera. Wauaji wanatia alama kwenye mlango, halafu jiwe, halafu nini? Hata mezuza wameipaka! Tazama!"

Mezuza ilikuwa kwenye mwimo wa kulia wa mlango, usawa wa bega: kile kijisanduku chembamba cha bati chenye maandiko ndani, kama kilivyo kwenye kila mlango wa watu wa Kagan. Februarie aliinama, akavaa miwani.

Yalikuwa madoa mawili tu ya ncha za vidole, mepesi. Yalikaa pale pale ambapo bati lilikuwa limeng'aa kwa kuguswa miaka na miaka. Hapakuwa na mchirizi wala mkwaruzo. Misumari yote ilikuwa mahali pake.

"Mwenye chuki angeing'oa," Februarie alisema.

"Alikuwa na haraka."

"Mwenye haraka asingeigusa kabisa."

Yule bibi mwenye mkoba alikuwa anaingia. "Basil, mkate umepanda bei tena, na dirisha hili nalo utatulipisha sisi?" Bila kugeuza kichwa, mkono wake ulipanda, ukaipitia mezuza, ukashuka mdomoni, na maneno hayakukatika.

"Mama, samahani," Februarie alisema. "Umegusa nini hapo?"

"Nimegusa?" Bibi alitazama vidole vyake, akayatazama madoa mekundu kwenye bati, akaguna. "Mkono unakwenda wenyewe, mwanangu. Juzi nimegusa ukuta wa benki."

"Imeguswa na watu wangapi tangu jana?" Februarie alimuuliza Kagan.

"Hakuna. Jana sikufungua. Asubuhi nilipoona rangi nikakaa kwenye ngazi hapo mpaka polisi walipokuja, na leo wote nimewaambia wasiguse. Sadie huyu hasikii."

"Sadie anasikia sana," bibi alisema, "mkono ndio kiziwi."

Februarie alimvuta Kagan nje. "Kengele ya usalama ililia Jumamosi?"

Kagan alitazama viatu vyake. "Ilikuwa imezimwa."

"Hukuwaambia askari."

"Nilisahau kuiwasha Ijumaa. Nafunga kabla jua halijazama, Sabato inaingia, nina haraka. Nina miaka sabini. Nasahau."

"Umewahi kusahau?"

Kagan alijikuna unga kwenye nyusi. "Hapana."

*

Mlinzi wa magari wa kipande kile alikuwa Bahati Mushagalusha, Mkongo wa Bukavu, fulana ya kung'aa na filimbi shingoni. Alikuwa anapunga mikono kumwingiza mwanamke mwenye gari jeupe kwenye nafasi isiyomtosha.

"Njoo, njoo, njoo, simama! Asante, mama, gari halijaguswa, labda kidogo." Akamgeukia Februarie. "Bosi, mimi nilishasema yote."

"Sema tena. Ulimwona Salie?"

"Nilimwona. Mchana kutwa."

"Na jioni, baada ya giza?"

"Jioni hayupo. Alishaondoka."

"Kwa nini faili linasema ulimwona?"

"Kwa sababu waliuliza, 'Ulimwona mchoraji?' Nikasema ndiyo. Wakafunga daftari, wakaenda. Hawakuuliza saa ngapi. Mimi mgeni hapa, bosi, najibu ninachoulizwa."

"Nami nauliza. Ulimwona nani baada ya giza?"

Bahati aliingiza filimbi mfukoni. "Mtu amechuchumaa mlangoni kwa Kagan. Kofia ya sweta kichwani. Nikadhani anafunga kamba za viatu. Nikamwita, 'Jioni njema, bosi!' Nikageuka kumwelekeza mtu anarudisha gari nyuma. Nilipotazama tena, hakuna mtu."

"Alikimbilia wapi?"

"Ndicho ninachokwambia. Upande huu nilikuwepo mimi. Upande ule lilikuwepo gari na taa zake zote. Angepita ningemwona. Kama si mlango uliommeza, basi sijui."

"Mrefu?"

"Mfupi. Alipochuchumaa alikuwa kama mtoto."

"Salie ana urefu gani?"

"Yule?" Bahati alicheka. "Yule anachora bila ngazi!"

Februarie aligeuka akatembea haraka kurudi dukani, karibu akimbie, tumbo na vyote.

"Bwana Kagan, toka nje, uingie tena."

"Nina mikate kwenye tanuri."

"Toka, ingia. Lakini sema nami. Nani alikuuzia tanuri hili?"

"Mjerumani mmoja wa Paarl, mwizi, mwaka wa..." Kagan aliingia, mkono ukapanda. Ulikomea kidogo kabla ya bati. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. "Nimewakataza wote, na mimi mwenyewe nimetaka kugusa."

"Sasa nisikilize. Mtu amechora. Ameitwa na mlinzi, ameshtuka. Hawezi kukimbia kulia wala kushoto. Ana ufunguo. Anafungua, anaingia, na mkono wake wenye rangi unafanya ulichotaka kufanya wewe sasa hivi. Ndani kengele inataka kulia, anaizima, kwa sababu namba anaijua. Anatokea mlango wa nyuma. Hukusahau kengele, Bwana Kagan. Ilizimwa."

Kagan alitupa jicho ndani, upande wa jiko.

"Nani ana ufunguo zaidi yako?"

"Mikate itaungua," Kagan alisema, akaingia ndani. Februarie akamfuata.

*

Nyuma ya kaunta kulikuwa na kiofisi, na baada ya kiofisi jiko. Kwenye ukuta wa kiofisi, juu ya meza, palitundikwa fremu ya kioo yenye kitambaa kidogo kilichofifia. Pembetatu ya njano, ncha juu. Juu yake imeshonwa pembetatu nyekundu, ncha chini. Zote pamoja zilifanya nyota.

Februarie alisimama hapo hapo.

"Hiki nini?"

"Cha baba yangu, Hirsh. Alivaa kifuani kambini, Ujerumani. Njano kwa sababu ni Myahudi, nyekundu kwa sababu ni mkomunisti. Alikuja nacho Cape Town amekificha ndani ya soksi."

"Nyekundu. Ncha chini."

"Hicho ni cha baba yangu! Ile ya mlangoni ni ya wauaji!"

"Kuna kikopo cha rangi ya njano kimepotea, Bwana Kagan. Kilichukuliwa jioni ile ile nyekundu ilipotumika. Aliyechora hakuwa amemaliza."

Jikoni mtu aliacha kukanda unga. Ulisikika upepo tu, unapiga mbao za dirisha.

"Binti yangu amerudi jana," Kagan alisema taratibu. "Leora. Tangu Pasaka hatukusemezana. Aliposikia jiwe limepigwa alikuja mbio, akafagia vioo, akalala nyumbani. Asubuhi amevaa aproni, amesimama pale alipokuwa anasimama mama yake. Nimemshukuru Mungu kwa jiwe, Sajini. Unaelewa ninachokwambia? Nimemshukuru kwa jiwe."

Leora Kagan alikuwa mlangoni mwa jiko, miaka thelathini hivi, mfupi, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko.

"Kikopo cha njano kiko wapi?" Februarie aliuliza.

"Kwenye buti la gari langu."

"Leora!" Kagan alisema.

"Baba, ameshajua." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Siku ya Pasaka, mezani, Baba alisema yeyote mwenye pembetatu nyekundu ni adui wa Wayahudi, afungwe. Na babu kwenye fremu pale anamtazama. Nikamwambia, babu aliivaa. Akaniambia nitoke. Nikatoka. Jumamosi nikapita hapa nikaona rangi chini ya turubai, nikasema, namchorea. Nyekundu, halafu pembe za njano zichomoze nyuma. Afike Jumapili aikute nyota ya baba yake mlangoni, akumbuke. Halafu yule mlinzi akaniita, nikakimbilia ndani na vikopo; nyekundu nikairudisha baadaye chini ya turubai, njano ikabaki kwangu."

"Ulijua ataogopa?"

"Nilijua atashtuka."

"Sikuuliza hilo."

Leora alitazama sakafu. "Nilijua ataogopa. Nilitaka aogope kidogo. Mpaka atakapoiona njano."

"Na njano haikuwepo. Ungeweza kusema jana."

"Jana nilikuja kusema. Nikakuta vioo. Baba akanikumbatia."

"Kuna mtu mahabusu tangu jana kwa ajili ya kumbatio hilo."

"Nilidhani mtamwachia! Hamkuwa na chochote!"

"Tulikuwa na rangi yake. Uliyochukua wewe."

Mzinga wa adhuhuri, ule unaopigwa kila siku saa sita, ulilia kutoka mlimani. Vikombe vikatetemeka kwenye rafu. Leora alifungua kamba za aproni. "Twende kituoni. Nitaandika."

"Hakuna anayekwenda popote," Kagan alisema. Alisimama katikati ya mlango, mikono imeshika miimo yote miwili. "Unawasikia kule nje? 'Wamejichora wenyewe.' Ukitoka kusema ni wewe, Leora, kesho itakuwa wimbo. Myahudi akipigwa Cape Town, wataimba. Na aliyerusha jiwe atalala usingizi mtamu!"

"Jiwe lina faili lake," Februarie alisema. "Nitamtafuta, nitampata. Jiwe lile halina maana mbili, na halihusiani na Salie."

"Na sisi? Nitawaambia nini watu wangu? Nimelia mbele ya kamera!"

"Ulilia kwa sababu uliogopa, na uliogopa kwa haki. Hakuna anayekudai machozi. Futa malalamiko, basi. Mlango ni wako, mchoraji ni binti yako, mimi sina kesi."

"Nipe muda kidogo. Nitoe mikate."

Februarie alitazama saa ya ukutani. Kituo kilikuwa karibu. Alimtazama mzee, akamtazama binti, akavuta kiti.

"Toa mikate," alisema.

Alipiga simu kituoni. "Kapteni, shikilia karandinga. Si Salie."

"Nani?"

"Nakuja naye. Na mlalamikaji anafuta."

"Amesaini?"

"Anatoa mikate."

"Februarie, nina kamera nje ya geti na makundi mawili yanatukanana. Simtoi mtu kwa simu. Niletee sahihi, si mikate."

Kagan alitoa trei moja. Akatoa ya pili. Akazigonga kila moja chini kana kwamba siku ilikuwa ya kawaida. Akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. Akasimama mbele ya fremu ya baba yake, mgongo kwao. Leora alisema "Baba" mara moja. Februarie alikaa. Alikula hata kipande cha mkate alichowekewa, na ulikuwa mzuri.

Hatimaye Kagan aligeuka. "Lete hiyo karatasi."

Alisaini. Ilikuwa inakaribia saa saba.

*

Walikwenda kwa gari la Februarie, king'ora juu, Kagan mbele, Leora nyuma. Kituoni makundi yalikuwa yamefika, yameziba geti. Upande mmoja bendera za Palestina, upande mwingine bendera za Israeli, na katikati karandinga limewashwa, mlango wa nyuma wazi. Askari wanne walikuwa wanamsukuma Tauhier Salie apande, na mtu alikuwa amemtupia chupa ya maji, na askari walikuwa na haraka.

Februarie alisimamisha gari, akashuka bila kulizima. Aliinua karatasi juu.

"Salie! Shuka! Shuka, uko huru!"

Tauhier alikuwa ameshaingia. Alisikia jina lake. Aligeuka, uso ukafunguka, akaweka mkono wa kulia kwenye fremu ya mlango ili ashuke.

Askari wa mlangoni hakusikia. Kelele zilikuwa nyingi, na yeye aliambiwa funga. Akafunga, kwa nguvu zake zote, kama wanavyofunga milango ya karandinga.

Ukelele ule ulinyamazisha makundi yote mawili.

Kapteni Gqirana ndiye aliyefungua. Tauhier alikaa kwenye ngazi ya gari, ameushika mkono wake mapajani, uso wa majivu. Kagan alifika amepasua watu, akavua aproni aliyosahau kuivua, akaufunga mkono ule. Unga ukachanganyika na damu.

"Mimi," Kagan alisema. "Nilikuwa natoa mikate."

Tauhier alimtazama, hakuelewa. "Bwana Kagan," alisema kwa sauti ndogo, "si mimi niliyechora."

"Najua, mwanangu. Najua tangu saa sita."

Leora alikuwa amesimama pembeni, kikopo cha njano mkononi. Alikuwa amekileta kama ushahidi, na hakuna aliyekuja kukichukua.

*

Mrusha jiwe alipatikana Alhamisi, mtu wa Milnerton ambaye hakuwahi kuonana na Myahudi yeyote wala Mpalestina yeyote. Alishtakiwa kwa jiwe lake. Upande mmoja ulisema kesi yake ni ndogo mno, na upande mwingine ulisema Wayahudi walijichora wenyewe, kama Kagan alivyotabiri, na wengine walisema hivyo kwa wimbo.

Februarie aliandika faili, akalifunga. Gharama zilikuwa hizi. Dirisha moja la duka. Ukuta mmoja Bo-Kaap, ambao mwenye nyumba aliupaka chokaa, mtoto na kishada na vyote, maana alikuwa amechoka na waandishi. Ukuta mmoja Salt River, ambao shule ilimpa mchoraji mwingine, kwa barua ya heshima. Ufunguo mmoja, ambao Leora aliuweka kwenye kaunta bila kuombwa, na baba yake hakuusogeza. Na vidole viwili vya mkono wa kulia wa Tauhier Salie, cha shahada na cha kati, vile vinavyoshika brashi.